Chupa Iliyoshuka na Baridi ya Ngorongoro

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za maabara, na vijana wa pale wakaniaga kwa soda na keki. Binti mmoja, yule anayesimamia mashine inayohesabu kila kitu yenyewe na kutoa karatasi iliyochapwa, aliniuliza mbele ya watu, "Mama Paskalina, zamani mlikuwa mnapimaje manii bila kompyuta?" Nikamjibu kwamba tulikuwa tunapima kwa jicho, kwa kidole, na kwa aibu nyingi. Wakacheka, nami nikajikuta nimeahidi kuandika. Vyeo vyangu sitaviandika, maana vilikuwa vichache na havichekeshi. Nitaandika kazi yenyewe, na zaidi kosa moja nililolifanya, kwa sababu kosa lile lilinifundisha kupima kuliko kozi yoyote. Majina ya wagonjwa nimeyabadili.

Nilianza kazi katikati ya miaka ya sabini, katika hospitali ndogo pale Karatu. Nilikuwa nimetoka kozi ya wasaidizi wa maabara, binti wa Kiiraqw kutoka Rhotia, mwenye viatu vya kuazima na cheti kilichokunjwa mara nne. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili na dirisha la kuelekea mashariki. Dirisha hilo ndilo lilikuwa umeme wetu. Hadubini ilikuwa na kioo cha chini cha kunasa mwanga wa jua, kwa hiyo ukungu ukishuka kutoka milimani na wadudu wa malaria nao walipata mapumziko.

Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Anaeli, Mmeru mrefu, mwembamba, mwenye koti jeupe ambalo vifungo vyake vitano havikuwahi kufahamiana kabla ya kukutana pale.

"Shikamoo mzee," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Macho yako mazima?"

"Mazima."

"Una aibu?"

"Kidogo."

"Hiyo utaitundika hapo mlangoni. Kuna msumari."

Wiki mbili za kwanza nilipima choo, makohozi na damu, na nikadhani msumari ule ulikuwa mzaha. Wiki ya tatu daktari akaleta fomu ya mwanamume aliyeoa miaka minne bila mtoto. Mzee Anaeli akaisukuma upande wangu wa meza. "Kuanzia leo manii ni kazi yako," akasema. "Mimi wanaume wananidanganya. Wewe wataogopa hata kukudanganya."

Tatizo la kwanza halikuwa kupima, lilikuwa kuomba. Neno lenyewe lilinishinda. Nikisema "manii," wenye duka walielewa, lakini mkulima aliniangalia kama nimetaja ugonjwa wa ng'ombe. Nikisema "shahawa," waliuliza inanywewa mara ngapi kwa siku. Ndipo nikaona niseme "mbegu," neno la heshima, ambalo mtu anaweza kulitamka hata kanisani. Mgonjwa wangu wa kwanza wa mbegu alikuwa mtu mzima kutoka kijiji cha jirani na kwetu. Nilimwambia alete mbegu kesho asubuhi, mapema, bila kuchelewa. Alifika saa moja na nusu na vifurushi viwili.

"Hii ni ya mahindi, na hii ya maharage," akasema. "Sikujua daktari anataka ipi."

Mzee Anaeli aligeukia ukutani, mabega yakawa yanamtikisika. Mimi nilikosa pa kugeukia. Nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba tulihitaji mbegu za mwili, zile ambazo mtoto hutokana nazo. Akanikagua usoni. Halafu akauliza, "Wewe si binti wa Sulle wa kule juu?"

"Ndiye mimi, baba."

"Baba yako anajua kwamba unafanya kazi hii?"

"Anajua nafanya kazi hospitali."

"Basi tumwache ajue hivyohivyo."

Alirudi kesho yake na kitu sahihi. Maharage alikataa kuyabeba tena, nasi tukayala Ijumaa.

Niwaeleze vifaa, maana ninyi mnabonyeza tu. Tulikuwa na kioo kinene cha kuhesabia, kilichochorwa miraba midogo ambayo haionekani mpaka uitazame kwa hadubini. Unachukua manii kidogo kwa bomba jembamba, unayachanganya na dawa ya kuziua mbegu ili zisikukimbie wakati wa kuhesabu, unaweka tone chini ya kifuniko, kisha unahesabu mraba kwa mraba huku mkono mmoja ukichora vijiti kwenye karatasi. Kabla ya hapo unatazama tone jingine ambalo hujaliua, uone ngapi zinatembea, ngapi zinajitikisa mahali pamoja, na ngapi zimelala. Mzee Anaeli aliniagiza nihesabu kila sampuli mara mbili. Majibu mawili yakitofautiana sana nilihesabu mara ya tatu, na hapo alikuwa anavuta kiti na kunikalia karibu, akipumua.

Chupa zilikuwa shida. Kwa muda tulitumia vichupa vitupu vya penisilini, na mpaka leo sijasahau uso wa mwanamume wa kwanza niliyemkabidhi kichupa kile, alivyouangalia mdomo wake mwembamba, akaniangalia mimi, akakiangalia tena. Baadaye tulipata chupa za vidonge zenye mdomo mpana, na lawama zikapungua.

Chumba cha mgonjwa kutolea sampuli ndicho hatukuwa nacho kabisa. Tulijaribu stoo ya magongo ya wagonjwa, lakini mlango haukufungika vizuri, na nyuma yake akina mama wa kliniki walipanga foleni wakiongea kwa sauti. Mtu wa kwanza alikaa humo dakika arobaini akatoka na chupa tupu na jasho. Kwa hiyo tukawaruhusu watolee nyumbani. Walete asubuhi, tuliwaambia, na hatukusema zaidi. Kosa lilianzia hapo.

Sasa kuhusu kitabu. Tulikuwa na kitabu kimoja kikuukuu, jalada limeng'oka, ambacho kilisema mwanamume wa kawaida awe na mbegu milioni sitini au zaidi katika kila mililita moja. Chini ya hapo, si kawaida. Fomu yetu nayo ilikuwa na maneno mawili tu mwishoni, "Kawaida" na "Si kawaida," na kazi yangu ilikuwa kukata moja kwa kalamu. Nilikata kwa miaka kadhaa bila kujiuliza nani aliziona hizo milioni sitini, na alizionea wapi.

Miaka ya themanini ilipoanza alikuja Aminieli. Alikuwa Mchaga wa Machame, mpishi katika hoteli moja ya watalii kule juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mtu mnene, mcheshi, mwenye kovu la mafuta ya moto mkononi. Yeye na mkewe, Manka, walikuwa wameoana miaka mitano. Manka alikwisha kupimwa kila kinachopimika na hakukutwa na kitu, na daktari akasema sasa zamu ya mume.

Aminieli alifika Julai moja, kwenye saa nne asubuhi, akiwa ameshuka na lori lililopeleka mboga hotelini. Alitoa chupa kwenye mfuko wa nje wa kabuti lake na kuniwekea mezani kwa tabasamu. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Nililiona hilo kwa vidole vyangu mwenyewe, na sikuliandika popote.

Nilitazama tone. Hakuna iliyotembea hata moja. Nikahesabu mara mbili, nikapata milioni thelathini na tano. Kitabu kilitaka sitini. Nikaandika: "Idadi pungufu. Hazitembei." Nikakata neno "Kawaida," nikatia sahihi. Mzee Anaeli siku hiyo alikuwa safarini Arusha kufuata dawa. Alikuwa na sheria kwamba mwanamume asipewe jibu kwa sampuli moja, arudi baada ya wiki kadhaa alete nyingine. Lakini huyu alitoka mbali, na nikaona huruma kumsumbua.

Daktari wetu wakati ule alikuwa mgeni wa kutoka ng'ambo, kijana mwema, mwenye Kiswahili cha miezi mitatu. Alinieleza baadaye kwamba alikusudia kumwambia Aminieli kuwa kupata mtoto kungekuwa kugumu kidogo. Alichomwambia ni, "Mtoto hapana. Haiwezekani." Aminieli akaomba karatasi yake, akaikunja, akaitia mfuko wa shati.

Miezi minne baadaye mwanamke mwenye kitenge cha rangi ya udongo aliingia maabara bila kubisha. Alikuwa na fuko la nguo begani.

"Wewe ndiye Paskalina?"

"Ndiye. Karibu."

"Mimi ni Manka, mke wa Aminieli mpishi." Akaweka fuko chini. "Nimetoka kwa mkunga hapo. Nina mimba ya miezi mitatu."

Nilianza kusema hongera, nikaona macho yake, nikaimeza.

"Mume wangu ameniweka mbele ya wapishi wenzake na wake zao, kwenye ukumbi wa kulia wafanyakazi," akasema. "Akawasomea karatasi yako. Akawauliza, mtu wa namna hii anaweza kumpa mwanamke mimba? Wakasema hawezi. Akaniambia nimtaje huyo mwingine. Mimi sijawahi kumjua mwanamume mwingine, dada. Sasa nimekuja uniambie wewe. Hicho kioo chako kilimwona nani?"

Nilimwuliza anakwenda wapi, akasema kwa mama yake mdogo aliyeolewa Rhotia, na kwamba mama mkwe yuko njiani kutoka Machame kuja kuyamaliza. Aliondoka hata chai hakunywa.

Nilirudi kwenye kiti changu. Katika kazi yetu mtu hudhani anaandika namba. Nilikuwa nimeandika talaka, na sahihi yangu ilikuwa chini yake, imenyooka vizuri.

Nilimweleza Mzee Anaeli kila kitu, nikitegemea anifokee. Hakufoka. Akauliza, "Alitoa sampuli saa ngapi?"

"Sijui."

"Aliibeba wapi?"

"Mfuko wa kabuti. Wa nje."

"Ilikuwa na joto gani ilipofika?"

"Baridi sana."

"Umeandika wapi?"

"Fomu haina nafasi ya hilo, mzee."

"Na wewe huna mdomo?"

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti lenye vifungo vyake vitano. Akasema hatuwezi kumwendea mtu na kumwambia karatasi ilikosea kwa sababu tunamwonea huruma mkewe. Kwanza tujue kama baridi ya Ngorongoro inaweza kuzilaza mbegu za mwanamume mzima. Na kulijua hilo tulihitaji mwanamume ambaye uzima wake hauna ubishi.

Hospitali nzima tulikuwa naye mmoja wa namna hiyo, dereva wetu, Bwana Tluway, baba wa watoto wanane, wa tisa akiwa njiani. Kila Jumatano Tluway alipeleka Landrova ya kliniki ya mama na mtoto kule juu ukingoni. Mzee Anaeli alimwita maabara, akafunga mlango, akamweleza. Nilijifanya naosha vioo.

"Mnataka yangu?" Tluway akauliza.

"Yako."

"Kwa ajili ya sayansi?"

"Kwa ajili ya ndoa ya mtu."

Tluway akafikiri. "Mke wangu asijue," akasema, "maana atasema hata hospitali sasa nimeanza kuijaza."

Jumatano asubuhi alileta chupa kutoka nyumbani kwake, hatua chache tu kutoka hospitali, akiwa ameibana kwapani kama alivyoelekezwa. Mzee Anaeli aliigawa sehemu tatu. Ya kwanza niliipima palepale. Ya pili aliitia kwenye jagi la maji ya uvuguvugu, akawa anaongeza maji ya birika na kuyapima kwa kiwiko, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga. Ya tatu alimkabidhi Tluway mwenyewe, aiweke mbele ya usukani karibu na kioo, apande nayo Ngorongoro na kushuka nayo. Wauguzi wa kliniki walituambia baadaye kwamba siku ile dereva aliendesha polepole mno, na kila kona alikuwa anaishika chupa ile kwa mkono mmoja na kuiambia pole.

Niliyoyaona asubuhi ile nayakumbuka mpaka leo. Sehemu ya kwanza ilikuwa soko la Karatu siku ya mnada. Zilikimbia, ziligongana, zilipishana. Nilipohesabu, nikapata milioni arobaini na mbili. Nikahesabu tena, arobaini na moja. Nikanyanyua kichwa.

"Mzee, kwa kitabu chetu Tluway si wa kawaida."

Mzee Anaeli akaja, akakaa, akahesabu mwenyewe. Akachukua kitabu kikuukuu, akakifunua ukurasa ule wa milioni sitini, akakisoma kana kwamba anakisoma kwa mara ya kwanza. "Watoto wanane," akasema kwa sauti ndogo, "na wote wana pua yake."

Gari liliporudi mchana, sehemu ya jagi ilikuwa imechoka, lakini nyingi bado zilikuwa zinatembea. Sehemu iliyopanda mlimani ilikuwa imelala karibu yote. Niliitazama kwa robo saa nikitafuta hata moja inayotikisa mkia, nikaona mbili tu zikijisogeza pale pale. Tluway alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Vipi?"

"Hizi za mlimani zimelala."

"Zimekufa?"

"Baridi, Bwana Tluway. Si wewe."

"Na idadi?"

Nilimtazama Mzee Anaeli. Hatukuwahi kukubaliana kudanganya, kwa hiyo nikamwambia, na kitabu kinavyosema nikamwambia. Tluway aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Mimi?" akasema. "Mimi pungufu? Huyo aliyeandika kitabu ana watoto wangapi?"

Swali hilo lilikuwa la kitaalamu kuliko alivyojua. Mzee Anaeli alimwandikia mwenzake waliyesoma pamoja, aliyekuwa kwenye hospitali kubwa, akimwuliza kama kuna mwongozo mpya. Baada ya wiki chache ulikuja kwa posta, kurasa zilizonakiliwa kutoka kitabu kipya cha kimataifa. Humo walisema milioni ishirini kwa mililita zinatosha kuhesabiwa kuwa kawaida. Walisema sampuli ifike maabara ndani ya saa moja, isipigwe na baridi, muda wa kuitoa uandikwe, na mtu asihukumiwe kwa sampuli moja. Mzee Anaeli alisoma ukurasa baada ya ukurasa, akiuvuta mdomo.

"Wametuibia, Paskalina," akasema. "Jagi letu lote limo humu. Ila hawakumtaja Tluway."

Jumatano iliyofuata nilipanda na kliniki. Aminieli nilimkuta nyuma ya jiko la hoteli, akimenya karoti, ukungu umefunika mpaka kwenye paa. Alikuwa amekonda. Aliponiona hakusimama.

"Karatasi ninayo," akasema, akagusa mfuko wa shati. "Sahihi ni yako."

"Sahihi ni yangu, na kosa ni langu."

Nikamweleza yote: kabuti, lori, jagi, dereva mwenye watoto wanane, kitabu cha zamani na kitabu kipya. Akaendelea kumenya. Karoti ilibaki nyembamba kama penseli.

"Mnawatetea wanawake wenzenu," akasema.

"Ningekuwa namtetea, ningekuandikia karatasi nzuri leo hii nikuletee. Nimekuja kukuomba sampuli nyingine. Ikija mbaya, nitaiandika mbaya, na utaisoma mbele ya wapishi vilevile."

Akaacha kisu. "Nikija, nani atapima?"

"Mimi. Na wewe utatazama."

Nadhani neno hilo ndilo lililomshusha. Alikuja Karatu siku mbili baadaye, akalala kwa rafiki yake nyuma ya hospitali, na asubuhi akaleta chupa kwapani, mbio, akihema. Nikaandika saa aliyoitoa. Nikaandika saa niliyoipokea. Niliishika chupa, nikaandika kwamba ilikuwa na joto. Jua lilikuwa zuri siku hiyo. Nikaweka tone, nikarekebisha kioo, nikatazama kwanza mimi, kisha nikainuka nikampisha kiti.

Aliinama. Hakuona kitu, kwa sababu alikuwa amefumba jicho lililotakiwa kutazama. Nikamwelekeza. Halafu mgongo wake ukatulia kabisa.

"Hizi ni zangu?"

"Zako."

"Zinakwenda wapi?"

"Hazijui. Zinakwenda tu."

Alitazama mpaka tone likakauka. Akaomba jingine, nikampa. Idadi ilikuwa milioni thelathini na nane, na zaidi ya nusu zilitembea vizuri. Baada ya wiki chache alileta sampuli ya pili, nayo ikaja karibu sawa. Nilimwambia ukweli wote, kama nilivyofundishwa. Nikasema kipimo changu hakiwezi kusema mtoto ni wa nani, na hakuna hadubini inayoweza. Kilichoweza kusema ni kwamba karatasi ile ya kwanza haikuwa na haki ya kusema lolote juu yake wala juu ya mkewe. Mengine alipaswa kuyajua kutokana na mwanamke aliyeishi naye miaka mitano.

"Namjua," akasema, akachukua karatasi yake mpya, akatoka nje bila kuaga.

Siku hiyohiyo alikwenda Rhotia. Manka hakutoka nje kumpokea, alimsikiliza kupitia dirisha akiwa anachambua maharage. Mama yake mdogo, aliyenihadithia, anasema Aminieli aliongea karibu saa nzima, na mbuzi ndio waliomwitikia. Mwishoni Manka akamjibu.

"Karatasi ya kwanza ulinisomea wapi?"

"Ukumbini."

"Basi na hii ukaisome hukohuko. Watu walewale wawepo, na aliyeiandika awepo. Mimi nitakuja na gari la kliniki, na nitarudi nalo."

Ndivyo ilivyokuwa. Jumatano ya kliniki, saa sita mchana, wapishi, wahudumu na wake zao walijaa kwenye ukumbi wa wafanyakazi unaonuka vitunguu na kuni mbichi. Manka alisimama karibu na mlango, tumbo sasa linaonekana, kitenge kilekile cha rangi ya udongo. Aminieli alivaa nguo zake nyeupe za kazi. Akasoma karatasi kwa sauti ya mtu anayesoma somo kanisani: idadi, mwendo, saa ya kutoa, saa ya kupokea. Aliposoma "zaidi ya nusu zinatembea vizuri," mwosha vyombo mmoja akapiga makofi, wengine wakamzuia.

"Umemaliza?" Manka akauliza.

"Nimemaliza."

"Hayo kayasema Paskalina. Wewe unasema nini?"

Aminieli alivua kofia ya upishi. Akaikunja kwa mikono yake miwili, ile mikono iliyogeuza mayai ya watalii kila asubuhi bila kuvunja kiini. "Niliogopa," akasema. "Niliambiwa mimi si mwanamume, na badala ya kulia nikakutupia wewe. Nimekukosea, Manka. Mbele ya hawa wote."

Manka alimtazama kwa muda, si kwa hasira, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Nimesikia," akasema. "Nitarudi mwezi ujao, nikishamaliza kuvuna na mama mdogo. Uwe umepaka chokaa kile chumba."

Akaenda kukaa kwenye Landrova, kiti cha mbele, karibu na Tluway. Njiani tuliposhuka alilia kidogo, kisha akaomba embe. Embe hatukuwa nalo, tukampa karoti.

Nilichora fomu mpya kwa mkono, Mzee Anaeli akaipeleka kwa daktari, na kuanzia hapo maabara yetu haikukata tena neno moja na kuacha jingine. Tuliandika saa, joto, idadi na mwendo, na mgonjwa alileta sampuli mbili kabla ya kupewa jibu lolote. Chumba nacho tulikipata, stoo ileile, baada ya fundi kuweka komeo la ndani na akina mama kuhamishiwa upande wa pili. Daktari wetu mgeni alijifunza neno "huenda," akalipenda sana, akawa analitumia hata kwenye salamu.

Manka alirudi kwake kama alivyosema, baada ya mavuno. Walikuwa na siku zao ngumu, sitawapamba. Aliniambia wazi kwamba ilimchukua zaidi ya mwaka kuacha kuangalia mfuko wa shati la mumewe. Lakini alijifungua salama pale pale kwetu, mtoto wa kike, kilo tatu na nusu. Siku ya kuruhusiwa aliingia maabara, safari hii alibisha hodi, mtoto akiwa amefungwa kwenye shuka jeupe. Nyuma yake Aminieli alibeba mabeseni, mito na termosi kama mtu anayehama.

"Nionyeshe na mimi," Manka akasema, akielekeza kidevu kwenye hadubini. "Yeye aliona. Mimi sijaona kitu."

Nikampisha kiti. Akanikabidhi mtoto, akafumba jicho moja, akatazama kwa makini kwa muda mrefu, uso umemkunjana.

"Kwa hiyo hivi vidude ndivyo vilivyonipeleka Rhotia?"

"Hapana, Manka. Hayo ni mayai ya minyoo. Ni choo cha mzee mmoja wa wodi ya wanaume."

Alicheka mpaka akashika meza, Aminieli akaangusha beseni, na mtoto akashtuka mikononi mwangu, akaanza kulia kwa nguvu zote za kilo tatu na nusu. Mlango wa pili ukafunguka. Mzee Anaeli akachomoza kichwa, miwani kwenye paji la uso, akatutazama mmoja mmoja.

"Paskalina," akasema, "sampuli yako inapiga kelele."